Ufagio Mikononi mwa Mkosaji

Ziko kazi ambazo watu hawaziangalii bila kwanza kumwangalia aliyezishika. Kufagia ni mojawapo. Mama akifagia uani alfajiri, tunampita na kumwambia, "Pole na kazi." Fundi akiwa juu ya paa, mkulima akiwa shambani, mtu yeyote tunayemkuta akitoka jasho, neno letu la kwanza ni hilohilo: pole na kazi. Lakini mwanafunzi akionekana anafagia mbele ya ofisi ya walimu saa nne asubuhi, wakati wenzake wamo darasani, hakuna anayempa pole. Kila apitaye humwuliza, "Umefanya nini?"

Swali hilo dogo lina mambo mazito ndani yake. Linaonyesha kwamba sisi sote, walimu, wazazi na wapita njia, tumekwisha kukubaliana kwamba mtoto wa shule mwenye ufagio mkononi kwa saa ile lazima awe na kosa. Naomba msomaji anivumilie nilichunguze jambo hili, kwa kuwa naamini limetuharibia kitu kikubwa kuliko tunavyodhani. Je, kazi ileile inaweza kuwa malezi asubuhi na adhabu mchana, na bado mtoto akaiheshimu?

Nilisoma sekondari ya bweni mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, enzi zile barabara ya kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga haijatiwa lami. Tulikuwa mchanganyiko. Walikuwapo Wafipa wa uwandani, waliozoea upepo na baridi; walikuwapo watoto wa bonde la Rukwa; na walikuwapo watoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kirando na Kasanga, ambao walikuwa hawajapata kumiliki sweta maishani. Uwanda ule uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya mwezi Juni au Julai huko si ya mchezo: vidole hufa ganzi, na maji ya ndoo iliyolala nje huuma kama siafu.

Fomu ya kujiunga na shule ilitaja vitu vya kuja navyo, na katika orodha ile jembe, fyekeo, ndoo na ufagio vilikuwa na uzito uleule wa madaftari. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mkaratusi. Ilipogongwa alfajiri tulikimbia mchakamchaka, kisha kila bweni likaenda kwenye eneo lake la usafi. Wengine walifagia njia, wengine wakaokota majani ya mikaratusi, wengine wakadeki madarasa. Baadaye tulisimama mstarini, kiranja akatoa taarifa, na mwalimu wa zamu akasema neno. Nikiyakumbuka hayo, sina manung'uniko. Kulikuwa na furaha fulani katika kazi zile za asubuhi. Bweni lililoshinda ukaguzi wa wiki lilitembea kifua mbele, na wapo vijana waliojifunza pale, kwa mara ya kwanza, kwamba mwanamume anaweza kudeki sakafu na asipungukiwe na kitu.

Shida ilianza baada ya mstari. Hapo yalisomwa majina: aliyechelewa kengele, aliyezungumza kilugha, aliyekosa kifungo cha shati, aliyekutwa bwenini wakati wa masomo. Wakagawiwa adhabu zao. Huyu ang'oe kisiki, huyu afyeke nyasi za uwanja wa mpira, na wale wenye makosa makubwa waende kusafisha vyoo. Vyoo havikuwamo kabisa katika zamu za asubuhi. Vilingoja wakosaji.

Pembeni ya utaratibu huo wa walimu ulikuwapo utaratibu wa wanafunzi wenyewe, nao haukuandikwa popote. Mwanafunzi mgeni, tuliyemwita njuka, alitumwa maji na wakubwa, akawafulia soksi, akawatandikia vitanda, na zamu ya kudeki bweni ikamwangukia yeye hata siku isiyo yake. Mtoto wa ziwani aliyefika juzi, hajazoea ile baridi, ndiye aliyepelekwa kisimani saa kumi za usiku ili mtu wa Kidato cha Nne apate kuoga mapema. Ukimwuliza mkubwa sababu, jibu lake lilikuwa moja tu: "Na sisi tulitumwa." Jibu hilo lilikuwa limepokezanwa kama tranka la bati, kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, bila mtu kulifungua aone limebeba nini.

Tangu miaka ya 1960 Japani imekuwa ikituma vijana wa kujitolea nchini Tanzania, na baadhi yao wamefundisha hisabati na sayansi katika sekondari zetu. Nilipata kuzungumza na mmoja wao, mtu mpole aliyekuwa akijifunza Kiswahili kwa bidii. Alikuwa amewaona vijana watatu wakibeba ndoo kuelekea vyooni, akauliza kwa nini wao tu. Akaambiwa ni wakosaji. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, bila kejeli yoyote, kama mtu anayetaka kujua ratiba: "Na siku ambayo hakuna mkosaji, nani anasafisha?"

Waliokuwapo walicheka, kwa kuwa siku ya namna hiyo haijapata kutokea. Lakini swali lile halikunitoka, na kadiri nilivyozidi kulitafakari ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kicheko kile ndicho kilichokuwa jibu. Haijapata kutokea kwa sababu haiwezi kuruhusiwa itokee. Shule inayotegemea wakosaji ili vyoo vyake viwe safi inahitaji wakosaji kila siku, kama vile kinu kinavyohitaji nafaka. Wasipopatikana, watatafutwa. Kiranja atakwenda kusimama mlangoni dakika moja kabla ya kengele. Kifungo cha shati ambacho jana hakikuonekana, leo kitaonekana. Hapo haki imekwisha kupinda, na hakuna mtu mwovu aliyeipinda; imepindwa na uchafu wa choo.

Huyo mwalimu alitueleza mambo ya kwao kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. Katika shule nyingi za Japani, tangu msingi hadi sekondari ya juu, ambayo ni ya miaka mitatu, uko muda maalumu wa usafi katika ratiba ya siku. Wanauita osoji. Wanafunzi hugawanywa katika makundi, wakafagia madarasa, wakapangusa korido na ngazi kwa matambara, na vyoo navyo vimo katika zamu. Walimu mara nyingi hushika fagio pamoja nao. Anayeongoza darasani kwa hisabati hasamehewi, na aliyekosa haongezewi. Wiki ikigeuka, kundi lililokuwa ngazini linakwenda chooni. Usafi huo unasimama sambamba na desturi zao nyingine: kubadili viatu mlangoni, vyama vya michezo na sanaa baada ya masomo, na tamasha la utamaduni la kila mwaka ambalo kila darasa huliandalia kitu. Hakuna anayeuliza "umefanya nini?", kwa kuwa kila mtu anajua aliyeshika tambara amefika zamu yake tu.

Dunia imewahi kuliona tunda la malezi hayo. Tarehe 23 Novemba 2022, huko Qatar, timu ya Japani iliifunga Ujerumani katika Kombe la Dunia. Mashabiki wao wangeweza kutoka wakiimba. Badala yake walibaki viwanjani na mifuko, wakaokota takataka za watu wote. Magazeti ya dunia yaliandika habari hiyo kama muujiza. Kwa hakika haukuwa muujiza. Walifanya wakiwa watu wazima yale waliyoyafanya kila siku wakiwa watoto, mahali ambapo kuokota taka hakukuwa aibu ya mtu yeyote.

Sasa linganisha na kwetu. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Siku ya Uhuru, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima, naye mwenyewe akatoka kufanya usafi nje ya Ikulu. Picha zake zilienea kila mahali. Wako waliofurahi, wako waliobeza, lakini wote walishangaa. Mimi nilijiuliza tunashangaa nini. Mtu yule alikuwa amepita katika shule zetu. Alifagia akiwa mtoto kama sisi sote tulivyofagia. Tulishangaa kwa sababu tulikwisha kufundishwa kwamba mtu akipanda cheo huuacha ufagio chini, kwa wale wasiopanda. Rais alipouokota tukaona ameteremka.

Tulifundishwa na nani? Si na sera ya nchi. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe jumuiya zinazofanya kazi, na akahoji kwa nini shule ziajiri watumishi wa kufanya yale ambayo wanafunzi wanaweza kujifanyia wenyewe. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 25, inaitaja kazi kuwa kipimo cha utu, na ibara hiyohiyo inakataza kazi ya shuruti. Maneno hayo mawili yamewekwa jirani kwa busara. Nchi hii ilikuwa inaijua kazi ya shuruti. Chini ya Waingereza, mtu aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kupelekwa kufanya kazi za umma mpaka deni lake liishe. Babu aliyeona jirani yake akipelekwa kuchimba barabara kwa sababu ya umaskini wake alijifunza kwamba sururu ni alama ya aliyeshindwa. Na shule za bweni nazo zilikuja na kaida zao. Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliundwa kwa kuiga shule za bweni za Uingereza, ambako mdogo kumtumikia mkubwa kulikuwa sehemu ya malezi ya watawala. Sisi tukazipokea kaida zote mbili, tukazitia chini ya paa moja na Elimu ya Kujitegemea, kisha tukastaajabu kuona hazielewani.

Mtoto si mjinga. Asubuhi anaambiwa kazi ni utu; saa mbili baadaye anaona kazi ileile ikigawiwa kama viboko. Ataamini lipi? Ataamini lile linalotiwa nguvu na aibu, maana aibu ni mwalimu mwenye sauti kubwa. Akimaliza shule atalikimbia jembe, si kwa uvivu, bali kwa kuwa kila alipolishika kwa saa isiyo ya shamba, lilimkumbusha kwamba amekosa. Kisha sisi wazazi tunakaa barazani tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi za mikono.

Nina rafiki, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye nilimweleza fikra hizi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Wewe hujawahi kupewa wanafunzi mia sita na walimu kumi na wanne. Fimbo mnaniambia ni ukatili, na mimi nakubali. Basi nikampa mtoto fyekeo badala ya fimbo. Hakuumia, na nyasi zimepungua. Leo unataka kuninyang'anya na fyekeo. Umeniachia nini mkononi?"

Hoja hiyo ni nzito, na anayeipuuza hajui shule. Nakubali kwamba kufyeka ni afadhali kuliko kuchapwa. Nakubali pia kwamba mkosaji lazima aone kwamba kosa lake lina gharama. Lakini ziko gharama za namna mbili. Aliyemwaga uji bwaloni akaambiwa apanguse, amelipa alichoharibu. Kazi yake ina maana, na akimaliza amekuwa sawa na wenzake. Aliyechora ukutani akapaka chokaa, vivyo hivyo. Hiyo ni fidia, na fidia haiidhalilishi kazi, bali inaitumia kurudisha kitu mahali pake. Lakini aliyechelewa kengele akapelekwa chooni halipi chochote, kwa kuwa choo hakihusiani na kengele. Kimechaguliwa kwa sababu moja tu: kinanuka. Tumeitafuta kazi iliyo chini kuliko zote ili tumweke mtu chini. Na katika kumweka yeye chini, tumeiweka na kazi chini, pamoja na kila mama na kila kijana ambaye riziki yake ni kusafisha vyoo vya hospitali na stendi.

Kwa hiyo sikumnyang'anya rafiki yangu fyekeo. Nilimwomba avitenganishe vitu viwili. Vyoo viingie katika zamu ya wote, na zamu ya kwanza waichukue viranja. Mkosaji alipe kosa lake kwa kitu kinachofanana nalo: aliyeiba muda wa darasa arudishe muda, kwa kukaa na mwalimu wake Jumamosi wakati wenzake wameruhusiwa kwenda mjini; aliyeharibu atengeneze; aliyemwonea mdogo amtumikie huyo mdogo. Alicheka akasema viranja watagoma. Nikamwambia wakigoma atakuwa amejua walifuata nini katika uongozi.

Nisije nikaonekana nimeifanya Japani kuwa pepo. Huko nako mkubwa na mdogo wana majina yao, senpai na kohai, na desturi hiyo ambayo huwafunza vijana adabu na kuongozana, mahali pengine imegeuka kuwa mnyororo. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1947 inakataza kumpiga mwanafunzi. Hata hivyo, mwezi Desemba 2012, katika sekondari ya juu moja ya Osaka, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu alijiua baada ya kupigwa mara kwa mara na kocha wake. Nchi nzima ilitikisika. Kumbe watoto wanaweza kufagia pamoja alasiri, na jioni ileile mmoja wao akaonewa, na watu wakaita uonevu huo nidhamu. Ufagio peke yake hauokoi. Kila desturi ya shule, yao na yetu, yafaa ipitishwe kwenye mizani, na mizani ninayoipendekeza mimi ni nyepesi kubeba: je, mkubwa yuko tayari kuifanya kazi hii yeye mwenyewe, mdogo akimwona? Akiwa tayari, hayo ni malezi. Asipokuwa tayari, hata tuiite mila, tunachomfundisha mdogo ni kungoja zamu yake ya kuonea.

Kwa mizani hiyo, jibu la "na sisi tulitumwa" halina uzito. Linasema tu kwamba maumivu yalitokea; halisemi kwamba yalifaa. Mtu aliyevuka mto penye mamba hamwambii mdogo wake apitie palepale ili wawe sawa. Humwonyesha kivuko.

Na hatuna haja ya kwenda Japani kukitafuta kivuko hicho. Wafipa wamelima uwanda huu kwa ntumba, yale matuta ya duara. Nyasi hukusanywa zikafukiwa chini ya udongo, zikaachwa zioze, na udongo uliochoka ukapata nguvu ya kuzaa maharage na ulezi. Ni kazi ya kuinama kutwa nzima. Niliwaona wazee wakiifanya na watoto wao, mgongo kwa mgongo, na jioni wakala pamoja. Sikupata kuona mzee akimpeleka mtoto kwenye ntumba kwa sababu amekosa adabu. Kufanya hivyo kungekuwa kulitukana shamba. Na Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kulisema kwa utani, kama njia ya kumfukuza mgeni aliyezidisha kukaa. Lakini lina maana nyingine pia, tena nzuri. Mgeni anayepewa jembe siku ya tatu anaambiwa kwamba ugeni umekwisha. Amekuwa mtu wa nyumba, na shamba hili ni lake pia. Ila mwenye nyumba naye lazima awe ameshika la kwake, wakatoka pamoja. Mwenye nyumba akibaki amelala kitandani, methali imekwisha kugeuka utumwa.

Njuka naye ni mgeni. Ameshuka na tranka lake, anatetemeka kwa baridi asiyoijua, hajui bwalo liko wapi wala kisima kiko upande gani. Apewe jembe, apewe ndoo, apewe na ufagio; hilo sipingani nalo hata kidogo. Lakini aliyemtangulia kufika ashike ufagio wa pili, amwonyeshe mahali pa kuanzia, na mwalimu wa zamu apite awaambie wote wawili pole na kazi.